Naomba ushauri: tunasubiri amri ya mahakama ya kumwasili binti yetu (awe mtoto wetu kisheria), na tumeshauriwa kupitia njia ya mkato

MamaKatubuka (Kigoma)

Bwana Yesu asifiwe kwa wenzangu wa imani, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Kasulu, na mume wangu ni raia wa Marekani ambaye ameishi na kufanya kazi hapa Kigoma tangu mwaka 2017. Hatukujaliwa kuzaa. Kupitia ofisi ya ustawi wa jamii tulipewa kibali cha malezi ya kambo kwa msichana aliyeokotwa akiwa mchanga karibu na mwalo wa Kibirizi, akalelewa katika makao ya watoto, na sasa ana miaka minne na anaishi nyumbani kwetu. Ombi la kumwasili liko Mahakama Kuu hapa Kigoma, na wakili wetu ameliandaa kwa kufuata masharti ya waombaji wasio raia kwa sababu ya mume wangu.

Shauri limeahirishwa tena. Katika fomu ya makao ya kumpokea mtoto, mstari wa jina la mama umeandikwa "hajulikani", lakini mahali pa namba ya taarifa ya polisi pameachwa wazi, na chini yake ipo sahihi ya mlezi ambaye alikwisha kuacha kazi. Afisa ustawi anasema kwamba hawezi kuikamilisha taarifa yake kwa mahakama mpaka ithibitike kuwa wazazi na ndugu walitafutwa. Wakati huohuo mkataba wa mume wangu unakwisha mwezi Juni, kibali chake cha ukaazi kitafuata, na kanisa la kwao Ohio limekwisha kutuandalia nyumba na kututangaza kwa waumini kana kwamba tumeshafika.

Sasa mzee mmoja tunayesali naye, mtu ninayemheshimu, ameniita kando akaniambia niache kuhangaika na mahakama. Kwa maelezo yake, nitafute barua inayosema kwamba nilijifungulia nyumbani kwa mama yangu Kasulu, cheti cha kuzaliwa kitoke kwa majina yetu wawili, pasipoti ifuate, nasi tusafiri. Aliniambia hivi: "Wewe ni Mtanzania, mtoto anakuita mama, nani atakuuliza?" Mume wangu amelikataa jambo hilo moja kwa moja. Mimi sijakataa wala sijakubali, na usingizi umenipaa. Mtoto tayari amefungasha wanasesere wake katika mfuko wa rambo na kuuning'iniza kwenye kitasa cha mlango, kwa kuwa watu wa kanisani humwuliza kila Jumapili anasafiri lini.

Naomba ushauri wa watu waliopitia jambo hili au wanaoifahamu sheria. Je, ipo njia halali ya kuliziba pengo hilo la fomu? Na tarehe ya safari tuifanyeje?

MstaafuWaUstawi (Tabora)

Mama Katubuka, pole kwa kusubiri. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii katika mikoa ya Tabora na Kigoma hadi nilipostaafu, na mafaili ya namna hiyo nimeyashika mengi.

Kwanza mwelewe afisa wenu, kwa sababu hawachelewesheni kwa ukorofi. Kibirizi si mwalo wa samaki peke yake. Pale hupakiwa maboti yanayokwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, mpakani kabisa na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mtoto anayeachwa pale anaweza kuwa wa mtu wa Ujiji, wa mtu wa Kagunga, au wa mama aliyekuwa akielekea kambi ya wakimbizi. Mwaka 2015, Warundi walipojaa Kagunga na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma, tuliwapokea watoto waliopoteana na wazazi wao, ambao kila mtu aliyewaona aliapa kuwa ni yatima, na baadaye wazazi wakapatikana. Tangu wakati huo silipitishi neno "hajulikani" bila kuuliza ni nani aliyeuliza, alimwuliza nani, na lini.

Pengo lenu linazibika. Mtoto anapookotwa haendi makao moja kwa moja. Kwa utaratibu polisi huandika, na mara nyingi hospitali humpima kabla hajakabidhiwa. Kwa hiyo taarifa yake huenda imelala mahali ambapo hamjapatafuta. Wakili wenu na afisa ustawi waandike barua kwa kituo cha polisi kinachohusika na Kibirizi, wataje tarehe iliyo kwenye fomu ya makao, na waombe daftari la siku ile na siku chache za jirani zake lipekuliwe, kwani tarehe ya kupokelewa makao mara nyingi si tarehe ya kuokotwa. Barua kama hiyo iende hospitali alikopimwa. Mlezi aliyeacha kazi atafutwe aape kiapo, na mtu aliyemwona mtoto kwa mara ya kwanza aape chake, vyote vikiambatana na barua ya mtendaji wa mtaa.

Aidha, mwombeni afisa aulize Msalaba Mwekundu na wanaohudumia watoto katika kambi za Nyarugusu na Nduta iwapo kuna mama aliyeripoti kupotelewa na mtoto katika kipindi hicho. Jibu likija kwamba hakuna, jibu hilo hilo ndilo ushahidi ambao mahakama inautaka.

WakiliWaZiwani

Naunga mkono yote aliyoyasema mzee hapo juu, na nitaongeza upande wa sheria.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa Mahakama Kuu mamlaka ya kutoa amri ya kuasili. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Kwa asiye raia yameongezwa masharti mengine: awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto kwa malezi ya kambo angalau miezi mitatu, asiwe na rekodi ya uhalifu, awe na mapendekezo ya mamlaka za nchini kwake kwamba anafaa, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Kwa maelezo yako, kwa ukaazi na malezi mko vizuri. Kilichobaki ni suala la wazazi: mahakama ikiridhika kwamba wametafutwa na hawapatikani, inaweza kuendelea bila ridhaa yao. Hapo ndipo umuhimu wa karatasi anazozidai afisa ustawi unapoonekana.

Ama hilo la cheti, nalisema waziwazi kwa kuwa tayari limetajwa hadharani. Kutoa taarifa ya uongo ili kupata cheti cha kuzaliwa ni kosa la jinai, na kukitumia cheti hicho kupata pasipoti ni kosa jingine juu yake. Zaidi ya hayo, wewe umo katika faili la mahakama kama mwombaji wa kuasili mtoto ambaye si wako wa kumzaa. Ofisi ya ustawi inalo jina lako, makao yanalo jina lako. Anayekuambia hakuna atakayeuliza hajui kwamba swali lilikwisha kuulizwa na wewe mwenyewe ulilijibu kwa kiapo.

Amri ikitoka, mahakama humwelekeza Msajili, ambaye ofisi yake ni RITA (wakala wa usajili), amwingize mtoto katika daftari la watoto walioasiliwa, na cheti chake hutoka katika daftari hilo. Kuanzia hapo, kisheria ni mtoto wenu kama mliyemzaa, hata katika mirathi.

Kuhusu mwezi Juni, mwombe wakili wako apeleke ombi chini ya hati ya dharura, aambatanishe mkataba na kibali cha ukaazi, na aombe tarehe ya karibu mara tu taarifa ya ustawi itakapokamilika. Asiende kabla, kwa sababu mtapewa tarehe na kuahirishiwa tena.

MzalendoWaMwanga

Mimi nina swali tofauti. Mtoto ameokotwa Kigoma, analelewa Kigoma, ana afya. Kwa nini ni lazima apelekwe Ohio? Kila siku tunasikia habari za watoto wa Kiafrika kupelekwa nje kwa jina la Yesu, kisha hawajulikani wanaishije.

MamaKatubuka

Kaka, swali lako halijaniudhi. Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni mwaka 2014 na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018, na sidhani kama nchi hizo zilifanya hivyo bila sababu. Ila sisi hatukwenda makao kuchagua mtoto wa kuondoka naye. Tulikuwa tukiishi hapa, na mimi bado nina mama, shamba na kaka zangu Kasulu. Mtoto anaongea Kiswahili na anamwelewa bibi yake akimsemesha Kiha. Tukienda, tutakwenda naye akiwa na mama Mwaha, na tutarudi naye.

DadaWaMinnesota

Dada, mimi na mume wangu tulipitia njia hii, hivyo nitajikita upande wa Marekani, ambako ndiko mzee wako wa kanisani amekosea zaidi.

Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Marekani imo, lakini kwa mtoto wa Tanzania hufuatwa utaratibu wake wa mtoto yatima, ambao fomu zake ni I-600A na I-600. Neno yatima kwao lina tafsiri ya kisheria, na mtoto aliyetelekezwa na wazazi wasiojulikana anaweza kuingia humo, mradi kuna ushahidi. Ushahidi wenyewe ni hiyohiyo taarifa ya polisi na ya ustawi inayokukosesha usingizi. Hata mahakama ya Kigoma ingelifumbia macho pengo lile, ubalozi ungelifumbua. Tangu mwaka 2014 mnahitaji pia shirika lililoidhinishwa na Marekani, pamoja na tathmini ya familia iliyofanywa na mtu mwenye sifa. Kama hamjaanza, anzeni sasa, kwa kuwa hayo yanaweza kwenda sambamba na kusubiri mahakama.

Ipo njia ya pili ambayo watu wanaoishi nje ya Marekani na watoto wao huisahau. Mtoto akiasiliwa kabla hajafika miaka 16, na mzazi raia akawa na ulezi wa kisheria na kuishi naye kwa miaka miwili, anaweza kumwombea kama mtoto wake kwa fomu I-130. Miaka hiyo inaweza kuishiwa hapohapo Kigoma. Kama mume wako anaweza kupata mkataba mwingine au kuongeza huu, ningeutazama kwa makini uwezekano huo kabla ya kuuza hata kabati. Hesabuni na visa yako wewe, maana katika furaha ya mtoto watu hujikuta mama ndiye amebaki.

Na cheti cha uongo: konseli (afisa wa visa wa ubalozi) akiwa na shaka juu ya uzazi, hushauri kipimo cha vinasaba. Kipimo kikikanusha, mnahesabiwa kuwa wadanganyifu, na doa hilo linaweza kukuzuia wewe kuingia Marekani maisha. Mtoto naye atabaki na cheti ambacho hakuna anayekiamini.

KijanaWaUrambo

Sikupanga kuandika, lakini nimesoma hadi hapo kwenye cheti nikashindwa kupita.

Mimi nililelewa na watu wema, wakulima wa tumbaku, waliojiandikisha kuwa walinizaa. Walifanya hivyo kwa upendo na sijawahi kuwashitaki moyoni. Baba alipofariki, ndugu zake walileta wazee wa kijiji kushuhudia kwamba mama hakuwahi kubeba mimba, na kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Cheti nilichokitoa kilizidi kuniharibia, kwa kuwa kilionekana kuwa ni cha uongo, na mimi nikaonekana mshirika. Laiti wangekwenda mahakamani, ningekuwa na karatasi moja ya kuwaonyesha wale wajomba na baba wadogo wakanyamaza. Shamba lenyewe nililisamehe. Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba hakuna popote palipoandikwa nilitoka wapi. Fomu ya binti yako ina mapengo, lakini ina neno Kibirizi. Mimi sina hata hilo.

MchungajiWaHeru

Mama, naongeza kidogo. Ibrahimu alipovuka kwenda Misri alimwambia Sara aseme ni dada yake. Yalikuwa maneno ya nusu ukweli juu ya undugu, yakisemwa na mtu wa imani mbele ya wenye mamlaka ili safari isimdhuru, na nyumba ya Farao ikapata mapigo kwa ajili yake. Mordekai alimlea Esta, mtoto wa ndugu ya baba yake, na Maandiko yanataja wazi kwamba hakuwa na baba wala mama. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba Mordekai alimzaa.

Mzee aliyekushauri mwende mzungumze naye wewe na mumeo pamoja, nyumbani kwake, kwa heshima. Na kwa waumini, mwombeni mchungaji wenu atangaze kwamba safari haina tarehe na kwamba mtoto asiulizwe tena. Hilo ni jambo la kutangazwa madhabahuni kama matangazo mengine.

MamaKatubuka

Nawashukuru sana nyote, na wewe ndugu wa Urambo kwa namna ya pekee. Jambo la cheti tumelifunga, na mume wangu ameandika Ohio kwamba nyumba ile wampe mtu mwingine kwa sasa. Mzee wetu mstaafu, shikamoo, nina swali moja: kituo kimenijibu kwa mdomo kwamba madaftari ya mwaka ule yamejaa na yamehifadhiwa, na kwamba hayatolewi kwa raia. Nifanyeje?

MstaafuWaUstawi (Tabora)

Marahaba mwanangu. Ni kweli hayatolewi kwa raia, wala usiyaombe wewe. Barua iandikwe na ofisi ya ustawi kwa mkuu wa kituo, iwe na namba ya shauri lenu la Mahakama Kuu, na nakala iende kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Aipeleke afisa mwenyewe, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri akabidhiwe wakili wako. Wakisema halikuonekana, waandike hivyo kwa barua. Jibu la mdomo halina kazi mahakamani. Na mwombe afisa aanzie daftari la hospitali, kwa sababu wauguzi wa zamu ya usiku mara nyingi huandika jina la askari aliyemleta mtoto, na askari huyo anaweza kupatikana hata kama daftari lake limepotea.