Tupeane uzoefu: kamera yako ya kwanza uliichaguaje, ilikulipa au ilikuliza?

Baba Twins
Wakuu salaam. Dogo langu kamaliza chuo, kajichanga laki nane anataka kamera aanze kupiga send-off, kipaimara, mahafali na minuso yenu hiyo. Swali lake kila siku ni moja tu, "bro hii ina megapikseli ngapi?" (yaani vile vidoti vinavyounda picha, vinahesabiwa kwa milioni). Nikijiangalia najiona mimi mwenyewe 2014, so naanza na yangu halafu na nyie mwage zenu.

Mimi nilizama Kariakoo, jamaa wa duka kaniuliza unataka ya aina gani, nikamjibu kifua mbele yenye megapikseli nyingi. Nikapewa kale ka mfukoni, megapikseli 20, nikajua nimemaliza. Send-off ya kwanza ukumbini taa zile za zambarau, MC kasema wazazi wanaingia taa zipunguzwe, weee, picha zote chenga, mama wa bibi harusi uso kama umepakwa unga wa ngano. Baadaye ndo naelimishwa kwamba tatizo ni sensa (si ile ya kuhesabu watu), kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Cha kwangu kilikuwa kama ukucha wa kidole kidogo, wakati cha hizi kamera za kubadilisha lenzi eneo lake ni mara kumi na zaidi. Megapikseli 20 zimebanana kwenye ukucha kama gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni, kila moja itapata mwanga gani? Yule mama hela alinilipa ila hakuniangalia usoni.

Mzee wa Paspoti
Megapikseli nyingi za nini kijana wangu. Studio yangu Moro bado napiga na Canon 450D, megapikseli 12, kamera ya 2008 hiyo. Picha ya A4 kwa chapa ya kiwango cha juu inataka kama 9 tu. Wateja wanatundika ukutani na hakuna aliyewahi kuuliza. Hela mimi niliweka kwenye taa.

Kibonge wa Fremu
Mimi yangu kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu. Nilikuwa na Nikon D3400, nikasikia lenzi ya 50 mm yenye f/1.8 (tundu lake linafunguka sana, linaingiza mwanga mwingi) ndo mwisho wa maneno, nikaiona used bei chee nikaivuta bila kusoma herufi. Kumbe ilikuwa toleo la D, haina mota ya kuvuta fokasi ndani, na bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za ukoo wa D3000 na D5000 nazo hazina mota, kwa hiyo fokasi ya kujiweka yenyewe hamna, unazungusha kwa mkono. Siku ya kipaimara askofu anaweka mkono kichwani kwa mtoto sekunde mbili kashahamia kwa mwingine, mi bado nakoroga kama napika ugali. Kwa bodi kama ile mwambie dogo atafute lenzi iliyoandikwa AF-S, hiyo mota iko ndani. Au achukue bodi ya D7000 kwenda juu, mota inayo yenyewe.

Mama Video
Baba Twins muulize kwanza, video atapiga? Maana mimi nilirekodi ibada ya harusi, nimesimamisha stendi yangu vizuri, mchungaji kanogewa na mahubiri, kamera ikajikata yenyewe dakika 29 na sekunde 59 na mi niko nje naongea na simu 😭 Nikarudi watu wameshavalishana pete. Kumbe kamera nyingi za zamani ziliwekewa kikomo hicho kwa sababu ya ushuru wa Ulaya, enzi hizo ikirekodi nusu saa na kuendelea ilihesabika kamera ya video na ushuru wake ulipanda.

Dereva wa Pori
Huku kwetu mambo ya send-off hatuyajui. Chui kalala juu ya mti Seronera, kule Serengeti, mkia tu unaning'inia, na gari haliruhusiwi kuacha njia. Mimi natumia Nikon P900, zumu mara 83, lenzi haitoki kwa hiyo na vumbi la barabara sihangaiki nalo sana. Sensa yake ndogo kweli, jua likizama inaanza hizo chenga zenu, ila saa nne asubuhi nahesabu masharubu ya chui.

Bint Unguja
Kaka, laki nane anunue mtumba tu, lakini asinunue gizani. Sie wa pwani tunajua, lenzi ikikaa kabatini na unyevu huu inaota fangasi. Nilinunua moja kwa picha za WhatsApp, kuja kuiwashia tochi ndani naona nyuzi kama buibui kajenga, fundi akaniambia hii dada kaa nayo tu. Basi amulike tochi kutoka nyuma, atazame mbele. Na aulize shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara ngapi, bodi nyingi za kuanzia hukadiriwa mipigo 100,000. Akiambiwa "haijatumika sana, mwenye nayo alikuwa dokta", aondoke.

Baba Twins
Shukran sana dada, na mzee wangu wa Moro pia shikamoo. Dogo nimemsomea yote, sasa anaongelea bodi ya laki nne na nusu, inayobaki lenzi na flashi, swali la megapikseli leo halijaja. Kesho saa nne tuko Kariakoo. Tochi nimeazima kwa mlinzi.