Mjadala: Bonanza lina faida gani kama bosi hana uwezo wa kukupandisha daraja?

Wadau, naleta hoja. Mnipinge kwa hoja, matusi yabaki nyumbani.

Kila Jumamosi hapa Dodoma utawaona: tisheti mpya zenye nembo ya taasisi, mbio za polepole, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, halafu supu. Bonanza la watumishi. Makampuni nayo yana lao, ila wao hupenda hotelini, na mtaalamu wa kuwachezesha michezo ya kuaminiana. Swali: Jumatatu kinabadilika nini?

Serikalini nasema hakuna, na si kwa sababu watumishi ni wavivu kama mnavyopenda kusema. Ni kwamba anayeiona kazi yako siye anayeamua ulipwe nini. Mkuu wa kitengo anajua fika nani anabaki hadi saa moja usiku kumalizia majibu ya Bunge, na nani ameacha koti kwenye kiti akatokomea tangu saa sita. Lakini daraja lako linategemea muda, ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa), bajeti na kibali cha ofisi ya Utumishi. Mwaka 2016 madaraja yaliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, mchapakazi na mzembe walikwama pamoja. Mserereko, yaani kupandishwa kwa kufidia miaka iliyopotea, ulipokuja, ukawafuta machozi pamoja. Fomu za kupima utendaji tumejaza, OPRAS miaka na miaka, sasa PEPMIS ya mtandaoni. Sijaona kitengo ambacho alama hizo zimemuongezea mtu hata shilingi.

Mkuu huyo kabakiwa na nini mkononi? Safari. Dokezo linapita, majina matano, posho ya kujikimu ya siku kumi. Kwa mtu wa daraja la chini hiyo ni ada ya mtoto. Ndiyo maana timu huvunjikia hapo, si kwenye mshahara. Ukitaka kujua hali ya kitengo, achana na picha za bonanza, soma majina kwenye dokezo la safari ya tatu mfululizo. Yakiwa yale yale, waliobaki ofisini wataivuta hiyo kamba kwa vidole viwili.

Halafu wengi wetu familia ziko Dar. Tangu treni ya SGR ianze 2024, Ijumaa mchana akili iko stesheni. Unampa bonanza mtu ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kumuona mtoto!

Sekta binafsi, bosi ana meno. Akiridhika anakuinua mwaka huohuo.

Dada wa Kisasa (mtaa wa hapa Dodoma): Mkuu, hayo meno unayoyatamani njoo yakutafune. Niko mauzo. Kila jioni jedwali linabandikwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, aliye chini ya targeti jina lake jekundu. Yule niliyemwangukia mikononi kwenye mchezo wa kuaminiana ndiye aliyenichukulia mteja tarehe 28. Bonasi nimewahi kupata, sikatai, ilinimalizia msingi wa nyumba Ilazo. Ila mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Nikienda kuomba mkopo, mtumishi wa serikali anaulizwa anataka kiasi gani, mimi naulizwa mkataba unaisha lini. Nipe hilo dokezo usilopangwa, pamoja na usingizi wake.

Mwalimu, Bahi: Mnaongea kama serikali ni Mtumba, kwenye mji wa wizara, peke yake. Sisi safari tunazisikia tu. Rais Samia alipotangaza pale Singida, Mei Mosi 2025, kwamba kima cha chini serikalini kinatoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, mtaani wote waliamini nimeongezewa asilimia 35.1, hadi mwenye duka akaanza kunidai kwa kujiamini. Sikuwa wa kima cha chini. Kinachotuvunja moyo kinajulikana: nyumba, malimbikizo, nauli ya likizo ambayo inatakiwa kutoka kila baada ya miaka miwili.

Ila mleta mada, umekosea unaposema mkuu hana kitu mkononi zaidi ya safari. Mwalimu mkuu wetu hana safari ya kugawa, ana ratiba. Aliipangua, walimu wenye watoto wachanga wasipangiwe kipindi cha kwanza, na vipindi vya Ijumaa mchana vikawa vya zamu, naye akajiweka humo. Watu wenyewe wakaanza kubaki jioni na watoto wa darasa la saba. Hakuna aliyevaa tisheti.

Mtumba, Mipango: Naitetea kamba. Kabla ya SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, sikuwa namjua mhasibu hata mmoja wa wizara yangu, tulikuwa tunapishana kwenye ngazi kama abiria. Tumevuta kamba pamoja, tumefungwa pamoja. Sasa madai yangu yakikwama najua pa kuuliza, na najibiwa siku hiyohiyo.

Mleta mada: Mwalimu, kwenye ratiba umenishika. Wakuu wengi wa Mtumba nao wana ruhusa, zamu, na nani wa kuwasilisha kikaoni kazi aliyoiandika mwenyewe. Hilo la mwisho halihitaji kibali cha mtu, na ndilo wanalonyimana zaidi.

Dada wa Kisasa, usingizi nakubali.

Ila wewe wa Mipango, mwenye mgongo mbovu asiyevuta kamba, madai yake yakikwama anamuuliza nani?