Mjadala: Je, ilikuwa haki kuiacha Florida State nje ya mtoano wa mwaka 2023?

MLETA MADA

Waungwana, naleta mbele yenu uamuzi wa Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo kamati ya watu 13 iliteua timu 4 za kuwania ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu na kuiweka Florida State nafasi ya 5. Timu hiyo ya kocha Mike Norvell ilikuwa imecheza michezo 13 na kushinda yote, na usiku uliotangulia ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi yake, ACC, kwa kuilaza Louisville 16–6 mjini Charlotte. Tangu utaratibu wa timu 4 uanze mwaka 2014, bingwa wa ligi kubwa aliyemaliza bila kupoteza hata mchezo mmoja hakuwahi kuachwa. Waliopita ni Michigan, Washington, Texas na Alabama, na hizo mbili za mwisho zilikuwa zimepoteza mchezo mmoja mmoja.

Sababu iliyotolewa ni majeraha. Tarehe 18 Novemba, dhidi ya North Alabama, kwotabeki Jordan Travis, yaani mchezaji anayepokea mpira na kuelekeza karibu kila shambulio, aliumia mguu vibaya na msimu wake ukaishia pale. Msaidizi wake, Tate Rodemaker, aliiongoza timu kuifunga timu ya chuo kingine, Florida, 24–15, lakini naye akapigwa kichwani, hivyo fainali ya ACC ikaangukia mikononi mwa kwotabeki wa tatu, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye pasi zake za usiku ule zilizaa yadi 55 tu. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza kwamba Florida State haikuwa tena timu ile ya wiki 11 za mwanzo.

Naona kamati ilikosea, kwa kuwa iliacha kupima yaliyochezwa ikaanza kubashiri yatakayochezwa. Simba au Yanga ikimaliza ligi kileleni, hakuna anayeinyima kombe kwa hoja kwamba mshambuliaji wake yuko hospitalini. Isitoshe, hata ubashiri wenyewe ulikuwa na mfano wa kuukanusha: mwaka 2014 Ohio State iliingia katika timu 4 ikiwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, na ikatwaa ubingwa wa nchi nzima.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, mfano wa Ohio State unakugeuka. Jones, katika mchezo wake wa kwanza kuanza, aliiongoza timu kuifunga Wisconsin 59–0 katika fainali ya ligi yao, na kamati ikaona kwa macho yake kwamba pengo limezibwa. Huko Charlotte tuliona safu ya ulinzi ya hali ya juu sana ikiibeba safu ya ushambuliaji iliyokuwa ikitambaa. Hayo si matokeo ya namna moja, ingawa yote yanaandikwa ushindi.

Pili, kamati haikubuni kigezo cha majeraha. Kanuni zake ziliruhusu tangu awali kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu, pale ambapo kunaweza kuathiri timu katika michezo ijayo. Tatu, Alabama haikuokotwa njiani: siku ileile ya mchezo wa Charlotte iliifunga Georgia 27–24, na Georgia ilikuwa imeshinda michezo 29 mfululizo. Baadaye, tarehe 30 Desemba, Georgia hiyohiyo iliikung'uta Florida State 63–3 katika Orange Bowl, mchezo wa baada ya msimu ulio nje ya mtoano ule. Naomba tusijifanye hatukuuona mchezo ule.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi sina upande katika suala la kwotabeki. Ninachokishangaa ni namna kamati ilivyobadilisha mizani katikati ya kikao. Texas iliifunga Alabama 34–24 mwezi Septemba, tena ugenini Tuscaloosa, kwa hiyo ilikuwa vigumu kumpitisha aliyefungwa na kumwacha aliyemfunga, na Texas ikawekwa juu ya Alabama. Huo ni uamuzi wa haki unaotokana na matokeo ya uwanjani. Lakini hoja ilipofika kwa Florida State, ambayo iliifunga LSU 45–24 na kuishinda Clemson 31–24 nyumbani kwao katika muda wa nyongeza, matokeo ya Septemba yakawa mepesi ghafla.

MLETA MADA

Nakushukuru, mchangiaji wa pili, kwani umeigusa hoja niliyoipita haraka.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali kwamba kipengele cha majeraha kimo katika kanuni, na pengine lawama yangu ingeanzia kwa walioziandika. Ila zile 63–3 sizipokei kama ushahidi. Baada ya kunyimwa nafasi, wachezaji wengi walioibeba timu msimu mzima hawakucheza mchezo ule, baadhi wakijiandaa kwa ligi ya kulipwa na wengine wakihama chuo. Huwezi kuivunja timu kwa uamuzi wako, kisha ukaonyesha vipande vyake kuthibitisha kwamba ilikuwa dhaifu. (Kwamba Florida State ilimaliza msimu wa 2024 na ushindi wa michezo 2 na vipigo 10 ni aibu ya aina nyingine, na haihusiani na Desemba ile.)

Wapo watakaosema mjadala umepitwa na wakati, kwa kuwa mwaka 2024 mtoano ulipanuliwa hadi timu 12 na mabingwa 5 wa ligi wenye nafasi za juu wakahakikishiwa kuingia. Kwa Florida State mambo hayakuisha kirahisi hivyo: tarehe 22 Desemba 2023 chuo kiliishtaki ACC mahakamani kikitaka njia ya kujiondoa, na gavana wa Florida wakati ule, Ron DeSantis, alipendekeza dola milioni 1 za bajeti ya jimbo kwa ajili ya kesi dhidi ya uamuzi wa kamati.

Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone kwamba timu ile haikuwa kwotabeki peke yake. Basi nawauliza mnaoitetea kamati: angeumia Septemba, na timu ikashinda michezo ileile 13 bila yeye, mngeiacha nje?