Garmisch, Serfaus au Alpe di Siusi kwa watoto wanaoanza kuteleza kwenye theluji?

Mama Imani
Salaam ndugu zangu. Tunaishi Munich, na mwaka huu mimi na baba watoto tumekubaliana kwamba watoto wajifunze kuteleza kwa skii, kwa kuwa wenzao shuleni hurudi kutoka likizo wakisimulia habari za milimani huku wa kwetu wakibaki kusikiliza tu. Tumebakiwa na sehemu tatu: Garmisch-Partenkirchen hapa hapa Ujerumani, Serfaus kule Tyrol, Austria, na Alpe di Siusi upande wa Italia. Nyumba ya Serfaus tumeshikiwa hadi Ijumaa, hivyo sina muda mrefu wa kufikiri. Vilevile naomba kujua kama vifaa tununue au tukodishe.

Kipanga
Mama Imani, hujatupa cha kukujibia. Watoto wana umri gani? Mna gari? Mnakwenda lini, kwa siku ngapi, na mmetenga kiasi gani? Mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi hawahitaji mlima wa aina moja.

Tukisubiri majibu yako, mimi nasimama na Garmisch. Treni kutoka Munich huchukua takriban saa moja na nusu, kisha treni ndogo ya mlima Zugspitze husimama Hausberg, ambako wanaoanza wana eneo lao. Faida kubwa ni kwamba mtoto akilia saa tano asubuhi na kukataa katakata, mnarudi nyumbani mkiwa mmepoteza tiketi ya siku moja, si fedha za wiki nzima. Usilipie wiki kabla hujajua kama mtoto anaipenda baridi.

Mwalimu wa Tyrol
Namheshimu Kipanga, lakini kwa hili sikubaliani naye. Nimefundisha watoto kwa misimu kadhaa na naijua tofauti. Mji wa Garmisch uko kwenye mita 700 na kidogo, na Hausberg nako si juu sana, kwa hiyo majira yakiwa ya joto mnatelezea theluji ya mashine ambayo asubuhi ni barafu na mchana ni uji. Juu Zugspitze theluji ipo kweli, lakini uwanda wake uko wazi kwa upepo, na wingu likishuka mtoto haoni hata ncha za skii zake.

Serfaus iko juu ya mita 1,400 na imepangwa kwa ajili ya watoto. Wana uwanja wao mkubwa uliotengwa na watelezaji wenye kasi, wenye mikanda ya kuwapandisha polepole wakiwa wamesimama, na chini ya kijiji hupita treni ya ardhini tangu 1985, hivyo wageni hawazunguki na magari. Mzazi aliyewahi kubeba skii za watoto wawili pamoja na zake kwa nusu kilomita ataelewa kwa nini nalitaja hilo.

Kuhusu kufundisha, nakuomba usimfundishe mwanao wewe mwenyewe siku za mwanzo, hata kama unajua. Mbele ya mama mtoto hudeka. Mbele ya mwalimu na wenzake hujikaza. Siku hizo hapewi fimbo za mkononi, kwa sababu hujifunza kuziegemea badala ya kusimama juu ya miguu yake. Kwanza hufundishwa kufunga breki kwa kukutanisha ncha za mbele na kuachanisha za nyuma. Walimu wa hapa huita umbo hilo piza, na skii zikiwa sambamba huitwa chipsi. Watoto wa kwetu niliwaambia "sambusa", na wakashika siku hiyo hiyo.

Baba Tumaini
Ninyi mnabishania milima, lakini kilichotuumiza sisi ni vifaa, na naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Miaka mitatu iliyopita tulifika kijiji kimoja jioni, tukakimbilia duka la kukodisha lililokuwa karibu kufunga. Kijana wa pale alimpa binti yangu, wakati huo ana miaka saba, viatu na skii zilizorudishwa na mtoto mwingine mchana ule. Hakumpima uzito wala kimo, na mimi sikujua kwamba ilimpasa kupima. Vifungo vinavyoshika kiatu kwenye skii vina kipimo chake, ambacho hupangwa kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya kiatu na kiwango cha ujuzi, ili mtu anapoanguka kiatu kichomoke kabla mguu haujapindwa. Vya binti yangu vilikuwa vimekazwa kwa mtoto mzito zaidi. Siku ya pili alianguka taratibu kabisa, mahali pa tambarare, lakini skii ikabaki mguuni, ikageuka nao, na mfupa wa muundi ukavunjika.

Aliteremshwa kwa sleji ya waokoaji akiwa ameng'ang'ania kidole changu, kisha tukapelekwa hospitali ya bondeni, na wiki zilizofuata alikuwa na plasta mguuni. Duka lilikana kosa, na karatasi niliyotia sahihi haikuwa na kipimo chochote. Tangu siku ile huingia dukani na namba zote zimeandikwa, na husubiri mbele ya meza mpaka nione fundi akigeuza skrubu. Mama Imani, popote utakapokwenda, fanya hivyo.

Mama Imani
Pole sana Baba Tumaini, na ahsante kwa kutueleza. Nisameheni kwa kuacha mambo ya msingi. Watoto wana miaka mitano na tisa, gari hatuna, na tutakwenda wiki ya likizo ya Februari. Baba yao aliwahi kujaribu mara moja. Mimi sijawahi kabisa.

Kipanga
Kukosa gari kunabadilisha hesabu. Serfaus mtafika kwa treni hadi Landeck-Zams kisha basi, mkiwa na mizigo na watoto. Alpe di Siusi ni mbali zaidi: mnavuka mpaka wa Brenner hadi Bolzano, mnachukua basi mpaka Siusi, halafu gari la kamba la kuwapandisha juu. Isitoshe, Italia inamtaka kila mtelezaji awe na bima ya kufidia madhara atakayomsababishia mtu mwingine. Je, bima yenu ya nyumbani inalihusu jambo hilo? Na kiasi mlichotenga bado hujakitaja.

Shangazi wa Oslo
Wanangu, kwa nini hakuna anayetaja skii za kutembelea tambarare? Huku Norway mtoto huanza nazo, hakuna tiketi ya lifti, viatu ni vyepesi, na familia nzima hutembea pamoja. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, na alipofika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kwenye mbio za skii hizo za kilomita 10 alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie, aliyeshinda, alimsubiri mwishoni ili amkumbatie. Mchezo ule una utu.

Mwalimu wa Tyrol
Shikamoo Shangazi. Habari ya Boit hunigusa kila ninapoisikia, lakini mtoto wa miaka tisa ambaye wenzake wanateremka mlima hataridhika na kutembea bondeni. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishindana kwenye mteremko katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, na huyo ndiye ninayewaonyesha watoto wetu.

Shangazi wa Oslo
Marahaba. Sikumkataza mtoto mlima. Nasema mwili uliozoea skii nyepesi hauogopi zile nzito.

Baba Tumaini
Turudi kwenye vifaa. Nunueni nguo, glavu za akiba na helmeti, maana helmeti lazima ikae sawasawa kichwani mwake, na Italia hivi sasa ni lazima kwa kila mtu. Skii na viatu kodisheni, kwa sababu mguu wa mtoto hukua kila mwaka. Skii ya anayeanza ikisimamishwa ifike kati ya kifua na kidevu. Kiatu kisiwe kikubwa "ili akue nacho", na soksi iwe moja nyembamba, kwani mbili hukunjana na kuumiza. Msisahau mafuta ya kukinga jua. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale, na ngozi yetu nayo huungua.

Mama Imani
Nimesoma yote na baba yao. Yeye sasa anataka tujaribu Hausberg Jumamosi mbili kabla ya Februari, nami naogopa kuipoteza nyumba ya Serfaus. Mwalimu, mwanangu mdogo akifika Serfaus bila kujua lolote, atawekwa kundi moja na watoto wa miaka minne? Ni mwepesi wa kuona haya.

Mwalimu wa Tyrol
Hupangwa kwa ujuzi kwanza, lakini wiki ya likizo makundi hujaa. Wapigie simu leo uwaulize idadi ya watoto kwa kila mwalimu.

Kipanga
Na waulize pia kama nyumba inaweza kushikiliwa hadi Jumatatu.