Breki za disk zinalegea nikishuka Marangu, tatizo pedi au mafuta?

Kiboriloni_1
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, nina baiskeli ya mlima ya mtumba, breki za disk za mafuta sio za waya. Jumapili tumeshuka toka karibu na geti la Marangu kuja Marangu Mtoni, tumeacha lami tukapita zile njia za kwenye vihamba, raha tupu yani, udongo umelowa kidogo tairi linashika vizuri. Mteremko wa mwisho nabana breki ya mbele naona inaingia tu mpaka inagusa usukani na baiskeli ndo kwanza inaongeza mwendo. Mbele kuna mama kabeba mkungu wa ndizi kichwani hana hili wala lile. Nikapiga kelele mama pishaaa, akasogea kwenye migomba na mkungu haujatikisika, mimi nikaingia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, baiskeli ikasimama mwenyewe nikaendelea na safari. Kiwiko kimechubuka tu. Yule mama amenisema kwa Kichaga mpaka watoto wakatoka kuangalia.

Cha ajabu tulivyokaa pale kama robo saa breki ikarudi ngumu kama kawaida. Fundi mmoja akaniambia mafuta yamepungua, kaongezea, kachukua hela yake. Ni kweli hilo ndo tatizo? Maana mwezi ujao jamaa wananishawishi twende Kilema.

fundi_mstaafu
Mafuta hayakupungua mkuu, yalichemka. Ingekuwa yamevuja breki isingerudi baada ya kupoa. Geti la Marangu liko kama mita 1,860, sasa ukishuka huku umeshikilia breki kidogo kidogo njia nzima lile joto la disk linapanda mpaka kwenye mafuta, yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyezeka, ndo maana ulibana ukapata hewa. Mafuta ya zamani ni mabaya zaidi kwasababu yale ya DOT, aina inayowekwa hata kwenye magari, yananyonya unyevu, yanachemka mapema. Na baiskeli ya mtumba nani anajua yamekaa humo tangu lini.

Huu ugonjwa ni wa siku nyingi. Wale Wamarekani wa California walioanza mashindano ya baiskeli ya kushuka mlima ya Repack mwaka 1976 walikuwa na madude ya zamani ya breki ya kurudisha pedeli nyuma, wakifika chini habu inatoa moshi grisi yote imeungua, wanafungua wanapaka upya ndo wanapanda tena.

Dawa: usishikilie. Bana kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, kisha achia kabisa ipigwe upepo. Na muulize huyo fundi ameweka mafuta GANI.

Njiro_kwa_miguu_miwili
Mimi niko upande wa mama wa ndizi 😂😂 huyo ndo wa kupelekwa Olimpiki

Sisi Arusha tatizo letu sio breki ni miiba. Panda Monduli uone, ile miiba ya migunga inapita tairi na tyubu kama sindano, unaziba pancha unapiga pampu unatembea hatua mbili pssss. Siku moja nashuka kule, vumbi jepesi, spidi yenyewe machozi yanatoka, nikakuta punda katikati ya njia kasimama kiubavu. Nikapita nyuma yake, upana wa usukani na vidole, hakugeuka hata kuniangalia. Nilivyosimama miguu inatetemeka na nacheka peke yangu, halafu ndo naona tairi la nyuma halina upepo. Toka nimehamia kwenye tairi zisizo na tyubu na ile dawa ya maji ndani napumua.

dada_wa_Tengeru
Fundi amesema vizuri ila niongeze. Mfongo usiufikie huku umebana breki ya mbele, tairi likidumbukia tu unarushwa. Achia kabla, pedeli ziwe usawa mmoja, makalio nyuma ya kiti, viwiko vikunje, baiskeli itavuka yenyewe. Kidole kimoja au viwili kwenye breki, vingine vishike usukani.

Halafu jamani zile njia za vihambani ni za watu kwenda dukani na kanisani, sio uwanja. Mnakimbilia nini jumapili mchana? Weka kengele. Mkiharibu, watafunga njia na tutafungiwa wote.

Kilema sawa, ndio njia ya Kilimanjaro ambayo hifadhi wanaruhusu baiskeli, ila kambi ya Horombo kule juu ni mita 3,720. Huo mteremko wa kurudi hauna huruma na breki kama hiyo.

Kiboriloni_1
Shikamoo dada nimekusikia, kengele nanunua kesho. Fundi mstaafu nimempigia jamaa, anasema kaweka ya gari, ile iliyoandikwa DOT 4. Kwenye breki yangu imeandikwa Shimano na pembeni kuna maneno mineral oil. Ni tofauti??

fundi_mstaafu
Eeeh. Usiipande hata kwenda sokoni. Ya gari ikiingia kwenye breki ya mineral zile raba za ndani zinavimba, leo inashika kesho imeganda au inavuja. Kumwaga na kuweka mengine hakutoshi kama raba zimeshanywa, hapo unabadilisha breki nzima, kishikio mpaka kaliper, ile inayobana disk. Ukipata za waya zilizo nzima funga hizo, Moshi fundi yeyote anaziweza. Kilema kakodi.

Njiro_kwa_miguu_miwili
au ukodi yule mama akushikie baiskeli

Kiboriloni_1
Njiro wewe 😭 Haya wakuu, nani ana za waya za mbele na nyuma, nziangalie kabla ya jumamosi?