Matabishi, makuta, libanga: niyakate kwenye kaye ya mtoto ama niyaache?

MamaMwalimu_Kadutu

Jambo sana wapendwa. Ninafundisha mwaka wa pili wa shule ya msingi huku Kadutu, Bukavu. Wiki iliyopita niliwapa watoto zoezi la kuandika sentensi tatu juu ya kazi ya mzazi. Mmoja, wa miaka minane, aliandika hivi, nanakili kutoka kwenye kaye yake:

"Baba yangu anapiga libanga. Jioni analeta makuta. Mimi ananipatia matabishi."

Nilishika biki nyekundu nikapiga mstari chini ya hayo maneno matatu, na pembeni nikaandika "lugha ya barabarani". Nilipomrudishia aliisoma polepole, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, sasa baba anafanyaka nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono. Jana nimepita karibu na benchi lake nikaona ameukwangua mstari wangu kwa wembe mpaka karatasi imetoboka.

Naomba mnisaidie. Maneno haya yametoka wapi? Mimi nilifundishwa kwamba ni uchafu wa mtaani, na nimewafundisha wengine hivyo kwa miaka kumi na moja. Na mkaguzi akija akayakuta bila mstari, nimjibu nini?

Mzee wa Ndendere

Mama Mwalimu, pole. Nianze na makuta, kwa kuwa hayo nimeyashika kwa mkono wangu. Tarehe 24 Juni 1967 serikali ilileta pesa mpya iliyoitwa zaire. Zaire moja ilikuwa makuta mia, na moja ya makuta ni likuta. Nilikuwa mtoto, nikitumwa chumvi nilipewa sarafu hizo, nazifinya kiganjani njia nzima nisizipoteze. Jina lenyewe ni la zamani kuliko Mobutu: huko Angola Wareno walikuwa wakitoa sarafu za macuta tangu karne ya 18. Zaire ikaporomoka miaka ya 1990, faranga ikarudi mwaka 1998, sarafu zile hazipo tena. Neno limebaki, na leo hata dola tunaziita makuta. Kwa hiyo mtoto ameandika jina la pesa iliyokuwa ya serikali.

Matabishi nayo ni Kireno, mata-bicho, yaani "ua mdudu". Lilikuwa funda la pombe ya asubuhi, eti la kumuua mdudu wa tumboni. Angola na Msumbiji mpaka leo matabicho ni chakula cha asubuhi. Kwetu likawa kile unachopata juu ya haki yako. Unamjua yule mama wa sambaza, wale samaki wadogo, sokoni: amekwisha kukupimia kopo lako, umelipa, halafu anarudisha mkono kwenye beseni na kudondosha samaki watano sita juu. Hiyo ndiyo matabishi. "Nyongeza" ni neno zuri, lakini mimi nikilisikia siuoni ule mkono.

Dada_Himbi

Niko Goma. Libanga ni Kilingala, maana yake jiwe. Wao wanasema kobeta libanga, sisi tumegeuza kitenzi tu. Kilingala kilitufikia na askari, maana ndicho kilichosemwa jeshini tangu Force Publique ya Wabelgiji, kikaendelea wakati wa Mobutu, na muziki wa Kinshasa ukakiingiza nyumbani. Kinshasa hata mtu wa kravati anapiga libanga: anahangaika mpaka apate cha kula.

Lakini Goma tunalisikia neno hili kwa njia nyingine. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata katikati ya mji. Ilipopoa, watu walishika nyundo. Ukuta wa nyumba yetu ni mawe ya lava ile ile, na wanaume wa mtaa wetu walipata ada za shule za watoto wao kwa kuivunja. Mimi siwezi kuliita libanga neno la ovyo.

Ukitaka neno la kuzuia darasani, Mwalimu, zuia maibobo. Watoto wanamwita hivyo mwenzao asiye na kwao, na nimeona anavyoinamisha kichwa. Halafu kuna kadogo. Ukilitazama ni Kiswahili kisicho na kosa lolote, ka- ya udogo basi. Mama alikuwa akimwita hivyo kitinda mimba wetu. Ilipofika 1996 na 1997, kadogo akawa mtoto aliyebebeshwa bunduki ya AFDL, waasi wa Laurent Kabila, akaenda kwa miguu mpaka Kinshasa. Mama aliacha kulitamka. Kaka yangu leo ana watoto wake, na mama bado anamwita kwa jina la ubatizo. Kwa hiyo mimi siulizi neno limetoka mtaa gani, naangalia linamfanya nini anayeitwa.

Kipanga wa Temeke

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Dar es Salaam, na matabishi nimelijua leo kwenye uzi huu. Ndiyo sababu naomba nitofautiane kidogo. Mtoto huyu atakua, atasoma vitabu vilivyochapwa Nairobi na Dar, huenda akaja huku kufanya biashara. Asipofundishwa "nyongeza" na "kuhangaika", atasoma asielewe, na yeye akisema hatutamwelewa. Mwalimu usipompa Kiswahili cha mbali, nani atampa? Kwa hiyo maneno yake aachiwe, ila aongezewe mengine, na asiachiwe nusu.

Jambo la pili, na nisamehe Mwalimu, silisemi kwa ubaya. Umeandika "kaye" na "biki". Huku tunasema daftari na kalamu. Kaye ni Kifaransa, na biki ni jina la kampuni ya kalamu. Umeyaandika bila kuyapigia mstari kwa sababu umeyazoea tangu utotoni, kama yeye alivyozoea matabishi. Hata meza unayosahihishia ni Kireno, mesa. Leso pia. Bendera pia. Gereza ni igreja, kanisa lao. Nimekaa nikifikiri: Kireno kilichotufikia kwa Bahari ya Hindi tunakiita Kiswahili safi, na kile kilichowafikia nyinyi kutoka upande wa Atlantiki ndicho kinachopigwa mstari mwekundu. Yamesafiri pande mbili za Afrika, yamekutana kwenye daftari moja la Bukavu.

Mwana_Kamalondo

Kutoka Lubumbashi. Baba Temeke amesema vizuri.

Juu ya mkaguzi, jibu liko kwenye Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa. Lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Libanga ni neno la Kilingala. Mtoto ametoa neno kwenye lugha moja ya taifa akalitia kwenye nyingine. Mwambie hivyo kwa heshima, na umwonyeshe kwamba umemfundisha pia neno la Kiswahili.

Tena usidhani lugha ya vijana haijawahi kutazamwa na wenye elimu. Miaka ya 1950 kulikuwa na vijana wa Léopoldville walioitwa Bills, walipenda filamu za cowboy na Buffalo Bill wao. Usemi wao ukaitwa Indubili. Kwetu tuna Kindubile. Nyinyi Bukavu mlikuwa na Indubili yenu iliyosimama juu ya Kiswahili, na mwaka 1988 mtaalamu wa isimu Didier Goyvaerts alichapisha makala nzima juu yake. Wazee wa Kadutu wenye miaka sitini leo ndio waliokuwa wakiisema. Wengine ni babu za wanafunzi wako, waite darasani.

Muuguzi_Bagira

Naongeza moja tu, maana nimelibeba moyoni muda mrefu. Watoto wetu wanasema "artikle kenze", kifungu cha 15, kwa maana ya "jitafutie mwenyewe". Wanalisema wakicheka. Kifungu cha 15 cha Katiba yetu ya sasa kinaiagiza serikali ipambane na ukatili wa kingono, na kinautaja kuwa kosa dhidi ya ubinadamu pale unapofanywa kwa nia ya kuvunja familia na kuangamiza watu. Mimi nahudumia akina mama hao hapa Bukavu. Sisemi mtoto achapwe kwa kulitamka. Nasema mwalimu akilisikia, awaambie kilichoandikwa pale.

MamaMwalimu_Kadutu

Nimerudi, wapendwa. Mzee, aksanti. Baba wa Temeke, sijakasirika. Nilisoma tena ujumbe wangu nikaona "kaye" mara mbili, nikanyamaza.

Jumatatu nilimwita mtoto nikamwomba anieleze baba anapiga libanga wapi. Akasema: "Pale chini ya barabara, na nyundo." Baada ya masomo tuliteremka pamoja. Baba yake ameketi juu ya gunia, mbele yake lundo la mawe, anayavunja kuwa kokoto na kuzijaza kwenye ndoo za kuuza. Vidole viwili vya mkono wa kushoto amevifunga kwa mpira wa baiskeli ili nyundo isimuumize. Neno ambalo mimi nililichukua kuwa la mafumbo, mtoto aliandika kitu anachokiona kila siku akitoka shule.

Nilimwomba baba yule msamaha, mtoto akiwa hapo. Alipangusa mkono kwenye suruali kabla ya kunipa, akasema, "Haiko neno, Mwalimu. Yeye aliniambia tu umesema kazi yangu haina jina."

Nimebandika kipande cha karatasi juu ya lile tundu. Ameandika sentensi zake tatu upya, na chini yake tumeandika pamoja: libanga ni jiwe, makuta ni pesa, matabishi ni nyongeza. Ijumaa kila mtoto ataleta neno moja la nyumbani na aseme aliyemfundisha.

Nibakize swali moja. Nusu ya darasa wanatamka "matabisi", nusu "matabishi". Ubaoni niandike lipi?

Mzee wa Ndendere

Andika matabishi, na sh. Ndivyo wanavyolitamka akina mama wa sambaza.