Moduli, vitabu vya mtandaoni au karatasi za wiki: kipi kinamshika mwanafunzi anayeelekea kuacha shule?

Mwl_wa_Kata
Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati sekondari ya kata, mkoani Geita. Nina wavulana wa kidato cha pili wanaoshinda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, darasani wanaonekana kwa nadra. Nina pia binti aliyejifungua. Tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi, ila mtoto bado ananyonya na nyumbani ni mbali. Nataka wasome hukohuko waliko mpaka watengemae. Nilinganishieni: moduli (vijitabu vya kujisomea) za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwenye maktaba mtandao, au niandike karatasi zangu za kila wiki?

Mwezeshaji_Tabora
Mwalimu, moduli. Kitabu cha kiada kimeandikwa kikitegemea mwalimu yupo mbele. Kinasema "jadilini katika vikundi". Huyo binti yuko peke yake saa nne usiku, mtoto analia, ajadili na nani? Moduli tunazotumia kituoni zimekatwa vipande vifupi: mfano uliofanywa hatua kwa hatua, zoezi, kisha majibu ajisahihishe. Akiacha katikati wiki mbili, anajua pa kuanzia. Ila angalia toleo. Mtaala mpya unaingia kwa awamu tangu Januari 2024, usimpe moduli isiyolingana na mtihani atakaofanya.

Otieno_Ksm
Huku Kenya tumetumia Shupavu 291, huduma ya masomo kwa simu ya kampuni ya Eneza, maswali yanakuja kwa SMS hata kwenye mulika mwizi. Kwa marudio ni nzuri sana. Lakini ujumbe mmoja ni herufi 160, huwezi kumfundisha mtu milinganyo mle. Afadhali simu iwe ya kumkumbusha na kumuuliza amefika wapi.

Baba_Nuru
Mimi naona tofauti. Ukimpa mchimbaji karatasi umemhalalishia utoro. Arudi darasani.

Mwl_wa_Kata
Nakuelewa kaka, nami ningependa hivyo. Lakini mmoja wao ndiye anayenunua unga nyumbani. Nikimwambia achague, najua atachagua nini, na simlaumu.

QT_Nilipita
Naongea kama niliyeacha shule nikarudi kupitia QT, yaani mtihani wa maarifa wa kupata sifa ya kufanya kidato cha nne. Kwanza, binti afanye kila njia akae upimaji wa kidato cha pili. Akifaulu hahitaji QT kabisa, hata akija kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Pili, jambo ambalo walimu mnalisahau: vitabu karibu vyote ni Kiingereza. Darasani mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, tunaelewa. Nyumbani hakuna wa kufafanua. Mimi sikushindwa hesabu, nilishindwa kujua swali linataka nini. Dada mmoja kituoni alikuwa anaandika pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: "hapa tafuta eneo", "hapa rahisisha kwanza". Maneno matatu tu, na ukurasa mzima ukafunguka. Mwalimu, hata ukichukua moduli, kaa nayo uandike hivyo pembeni kabla ya kuitoa nakala.

Mwezeshaji_Tabora
Hili ni kweli tupu. Niongeze kwamba bila kusahihishiwa, moduli hufunikwa vumbi. Wetu wanaodumu ni wale wanaojua siku fulani mtu atafungua daftari lao.

Mwl_wa_Kata
Basi nimepata. Maktaba mtandao nitaitumia mimi kwa kuandaa, maana bando ni langu na simu janja hawana. Wao watapata mada moja ya moduli kwa wakati, yenye maelezo ya Kiswahili pembeni. Madaftari nitayakusanya siku ya gulio, wachimbaji wote hushuka siku hiyo.

QT_Nilipita
Na ya binti?

Mwl_wa_Kata
Mama yake anauza dagaa gulioni hapohapo. Nitaongea naye kwanza, atanibebea daftari kwenda na kurudi.